Barua ya wazi: Mliniuliza kuhusu hedhi, hamkuniuliza kuhusu kichwa

Kwenu mnaosimamia wizara za afya, kwenu mnaopanga mitaala ya vyuo vya udaktari, na kwenu mnaogawa fedha za utafiti.

YAH: UBONGO WA MWANAMKE ANAYEKOMA HEDHI

Waheshimiwa,

Mimi ni mkalimani wa mahakamani. Kwa miaka 24 nimekaa katikati ya watu wasiosikilizana, nikichukua maneno ya huyu na kumfikishia yule, na maneno hayakuwahi kunikimbia mpaka nilipofika miaka 48. Siku hiyo shahidi alisema sentensi fupi tu, kwamba aliukuta ufunguo sakafuni. Nikafungua kinywa, na neno "ufunguo" halikuja. Wala si neno gumu la sheria. Nilikiona kitu chenyewe kichwani, meno yake, tundu lake la kuning'inizia. Jina ndilo lililokuwa limeondoka. Nikasema "kile kitu cha kufungulia mlango." Hakimu akainua macho, karani akaandika, kesi ikaendelea.

Nilipofika nyumbani nilijifungia chooni nikalia. Mama yangu mkubwa alianza hivyohivyo, kwa kupoteza majina ya vitu, na alifariki akiwa hawatambui wanawe.

Nilikwenda kwa daktari. Aliniuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, inatoka nyingi au kidogo, kama nina maumivu. Nikamweleza kwamba inaruka miezi miwili mitatu, na kwamba usiku mwili unawaka moto hadi naamka shuka limelowa. Aliandika yote. Nilipofika kwenye ufunguo akaweka kalamu chini. "Hayo ni mawazo tu, mama. Pumzika." Nikauliza kuhusu homoni. "Hizo zinaleta saratani," akasema, akaniandikia dawa ya usingizi. Mwaka uliofuata nikaenda kwa mwingine. Huyu alicheka woga wa mwenzake, akaniambia homoni zitaukinga ubongo wangu usizeeke, na kwamba kila mwezi ninaochelewa napoteza seli. Alikuwa na bei tayari.

Madaktari wawili, wote wana uhakika, na hakuna aliyesema kweli yote. Siwalaumu sana. Mmoja alibaki na hofu ya mwaka 2002, mwingine amechukuliwa na shangwe za siku hizi, na hofu na shangwe zote mbili zilitoka juu, mlipo ninyi. Ndiyo maana barua hii inakuja kwenu.

Naanza na jambo ambalo lingepaswa kuwa somo la mwaka wa kwanza wa udaktari. Damu hukoma kwenye kizazi, lakini mpito wenyewe unapita kichwani pia. Estrojeni, homoni inayotengenezwa zaidi na ovari, ina vipokezi vyake sehemu nyingi za ubongo: kwenye haipothalamasi inayosimamia joto la mwili, kwenye hipokampasi inayosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya, na sehemu ya mbele tunakopangia mambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Catherine Woolley na Bruce McEwen, wakichunguza panya jike, walionyesha kwamba vichomozo vidogo ambavyo seli za neva za hipokampasi hupokelea ujumbe huongezeka na kupungua kwa kufuata homoni, ndani ya mzunguko wa siku 4 au 5 tu. Yaani kiungo tunachokitegemea kukumbuka hubadilika umbo ndani ya wiki moja. Sasa mwanamke anayepita miaka kadhaa ambayo homoni hiyo inapanda leo na kuporomoka kesho, kisha inashuka moja kwa moja, mnamwambia ni mawazo tu.

Hata lile joto la ghafla, ambalo watu hulichekea vikaoni mama anapojipepea na faili, ni tukio la ubongo. Mtafiti Naomi Rance alichunguza bongo za wanawake waliokwisha kufariki, akakuta kundi la seli za neva kwenye haipothalamasi limekuwa kubwa kuliko kawaida kwa wale waliokuwa wamekoma hedhi. Seli hizo zilizoea kutulizwa na estrojeni. Estrojeni ikiondoka, zinakipigia kelele kipimajoto cha mwili, nacho kinaamini kuna joto kali ambalo halipo. Ngozi inafunguka, jasho linamwagika, moyo unakwenda mbio. Kutokana na uelewa wa seli hizo ikapatikana dawa isiyo na homoni, fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. (Nayo ina onyo lake kuhusu ini. Dawa isiyo na upande wa pili sijaiona bado.)

Neno lenyewe la kitaalamu, "menopause", lilitungwa na daktari Mfaransa, de Gardanne, mwaka 1821, kutokana na maneno ya Kigiriki ya mwezi na kukoma. Kiswahili nacho kikasema ukomo wa hedhi. Majina yote mawili yanataja damu, wala hayataji kichwa, na tangu enzi hizo macho ya wakubwa hayajapanda juu ya kiuno.

Turudi kwenye ufunguo wangu, maana jibu lake lilikuwapo miaka mingi kabla sijaupoteza. Kuna utafiti uitwao SWAN, ulioanza Marekani katikati ya miaka ya 1990, uliowafuata wanawake wa asili mbalimbali mwaka baada ya mwaka. Umetufundisha, kwa mfano, kwamba kati ya wanaopata joto hilo mara kwa mara, nusu hukaa nalo zaidi ya miaka 7, na wanawake weusi hukaa nalo muda mrefu zaidi, wengi wao kupita miaka 10. Mwaka 2009 ulitoa matokeo ya wanawake 2,362 waliopimwa kumbukumbu na wepesi wa kufikiri kwa miaka 4. Kwa kawaida mtu akirudia mtihani uleule hufanya vizuri zaidi mara ya pili na ya tatu, kwa kuwa ameuzoea. Waliokuwa katikati ya mpito hawakupata faida hiyo kama wenzao. Walipokwisha kuvuka, faida ikarudi.

Hebu isomeni tena sentensi hiyo ya mwisho. Daktari wangu wa kwanza angeniambia hiyo tu, kwamba kinachokupata kimepimwa, kina jina, na kwa wengi hupita, nisingelala miaka miwili nikimwona mama yangu mkubwa ndotoni.

Zipo na picha za ubongo. Mwaka 2021 Lisa Mosconi na wenzake wa Weill Cornell, chuo cha udaktari cha Marekani, walilinganisha wanawake walio kabla ya mpito, katikati na baada yake. Waliona tofauti katika tishu ya kijivu na katika namna ubongo unavyotumia nishati, na pia dalili kwamba baadhi ya sehemu hujirekebisha baadaye. Picha hizi sasa zinasambazwa kwa maneno ya kutisha, eti ubongo wa mama "unasinyaa". Naomba uangalifu hapo. Sehemu ya ubongo kupungua ujazo kwenye picha si ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na mwanamke wa miaka 50 anayesahau majina hana sababu ya kuanza kuandika wosia.

Sasa nije kwenye mwaka 2002, kwa sababu hapo ndipo mlipotuachia kidonda.

Homoni za vidonge zilikuwa zimetumika tangu Premarin, iliyotokana na mkojo wa farasi jike wenye mimba, iliporuhusiwa Marekani mwaka 1942. Kwa muda mrefu ziliuzwa kama dawa ya ujana. Katikati ya miaka ya 1970 ikabainika kwamba estrojeni peke yake inaongeza saratani ya utando wa ndani wa kizazi, ndipo wenye kizazi wakaanza kupewa pia projestini, homoni ya pili ya kuulinda utando huo. Kisha ukaja utafiti mkubwa wa Women's Health Initiative. Wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79 waligawanywa kwa kura: hawa wapewe homoni mbili, wale wapewe kidonge kisicho na dawa. Julai 2002 sehemu hiyo ikasimamishwa baada ya wastani wa miaka 5.2, kabla ya wakati wake. Vichwa vya habari vikapiga mbiu: saratani ya matiti juu kwa asilimia 26.

Asilimia 26 ya nini? Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, saratani ya matiti iliwapata 30 katika wasiotumia na 38 katika waliotumia. Wanane zaidi. Viharusi vilizidi kwa 8, damu kuganda kwenye mapafu kwa 8, mishtuko ya moyo kwa 7. Nyonga zilizovunjika zikapungua kwa 5, saratani za utumbo mpana kwa 6. Sisemi wanane ni wachache. Mmoja wao angeweza kuwa dada yangu. Nasema mwanamke akiambiwa "wanane katika elfu kumi kwa mwaka" anaweza kupima na kuamua. Akiambiwa "zinaleta saratani" hana la kufanya ila kuinuka kitini.

Tena wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wamevuka zamani.

Mwaka 2003 tawi la utafiti huohuo lililochunguza kumbukumbu likatoa yake. Hapa naomba mtulie, kwa kuwa ndilo jambo lililokuwa likinitoa usingizi. Wanawake 4,532 wenye miaka 65 na kuendelea walifuatiliwa, na demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, iliwapata 40 katika waliomeza homoni mbili na 21 katika wasiomeza. Karibu mara mbili. Ni matokeo mazito, na kuyapuuza ni kosa. Lakini ni matokeo ya nani? Ya mwanamke anayeanza kumeza homoni akiwa na miaka 65, 70, 75, mishipa yake imekwisha kuzeeka, ubongo wake umekaa zaidi ya muongo bila estrojeni. Mahakamani, ushahidi wa kesi moja hauhamishiwi kesi nyingine mpaka mtu asimame aeleze unahusiana vipi. Kwa miaka 20 na zaidi ushahidi wa mwanamke wa miaka 70 umetumika kumhukumu wa miaka 48, na hakuna aliyesimama.

Daktari wa pili naye, yule wa bei, sina budi kumrudisha kizimbani. Hoja yake ilikuwa kwamba ukianza mapema homoni zinakinga ubongo. Ni hoja yenye mantiki, na watafiti waliipima. Utafiti wa KEEPS ulichukua wanawake waliokuwa hawajapita miaka 3 tangu hedhi ya mwisho, wakapewa vidonge, au plasta ya ngozini, au dawa isiyo dawa, kwa miaka 4. Kumbukumbu haikuharibika na wala haikuboreka. Walipopimwa tena karibu miaka 10 baadaye, hali ilikuwa ileile. Utafiti wa ELITE uliwalinganisha walioanza ndani ya miaka 6 tangu wakome na walioanza baada ya miaka 10: mishipa ya shingoni ya wale wa mapema ilinenepa polepole zaidi, jambo jema, lakini kumbukumbu haikuonyesha tofauti. Kwa hiyo mwanamke mwenye afya anayeanza mapema ana haki ya kuambiwa kwamba majaribio hayo hayakuona madhara kwenye kumbukumbu yake. Kinga, hata hivyo, asiuziwe. Kinga haijathibitishwa.

Nalisema hili kwa sababu upepo umegeuka. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba mengi ya maonyo makali yaliyokuwa yamebandikwa kwenye dawa hizi, pamoja na lile la demensia, yataondolewa. Kwa mwanamke aliyeogopeshwa na karatasi ya miaka 65 akiwa na 48, ni haki iliyochelewa. Ila nimeona jinsi wauzaji walivyoipokea habari hiyo. Onyo likiondolewa leo, kesho asubuhi linageuzwa tangazo la biashara.

Homoni zina kazi yao iliyo wazi. Hakuna kinachotuliza joto la ghafla na jasho la usiku kama estrojeni, na inalinda mifupa isimomonyoke. Usingizi ukirudi, mengi hurudi nao. Mtu asiyelala mwaka mzima hata jina lake lazima alitafute. Vyama vya wataalamu vinasema kwamba kwa mwanamke anayesumbuliwa, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapita miaka 10 tangu akome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Haziwafai wote: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, mwenye ini bovu, anayetokwa damu isiyojulikana chanzo. Hayo yote yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa huo sijawahi kupewa.

Kuna kundi ambalo nalo halipewi hata hofu. Wanawake wanaotolewa ovari zote mbili wakiwa na miaka 35 au 40, mara nyingi katika upasuaji uleule wa kutoa kizazi. Mwenzao wa kawaida homoni humpungukia kwa miaka. Hawa wanalala nazo asubuhi na kuamka bila nazo jioni. Mwaka 2007 Walter Rocca na wenzake wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walionyesha kwamba waliotolewa ovari kabla ya ukomo wa kawaida walikuwa na hatari zaidi ya kupungukiwa akili au demensia uzeeni, na kadiri walivyotolewa wakiwa wadogo ndivyo hatari ilivyozidi. Kwa wanawake hawa mwongozo wa kitaalamu unasema wapewe homoni angalau mpaka umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, karibu miaka 51, isipokuwa kuwe na kizuizi. Namjua mmoja aliyeruhusiwa hospitalini na karatasi ya kusafisha kidonda. Kuhusu ubongo wake, mifupa yake na moyo wake, hakuna aliyemwambia kitu. Ana miaka 38.

Kwa hili, waheshimiwa, hamhitaji utafiti mpya wala bajeti. Waraka mmoja kwa wapasuaji unatosha: mtu asitolewe ovari zote mbili kabla ya kuelezwa kitakachofuata kichwani na mwilini, na asiondoke bila mpango wa homoni au sababu iliyoandikwa ya kutompa.

Mafunzo ni jambo la muda mrefu zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 uliwauliza madaktari waliokuwa mafunzoni Marekani, katika tiba ya familia, magonjwa ya ndani na magonjwa ya wanawake. Mmoja katika kila 5 hakuwahi kupata hata mhadhara mmoja kuhusu ukomo wa hedhi, na waliojiona wameandaliwa vya kutosha hawakufika asilimia 7. Hao ni wa nchi yenye vyuo vya kutamba. Hata mkiongeza mhadhara, angalieni unafundishwa na nani: ukiachwa kwa idara ya uzazi peke yake, utaanza na kuishia kwenye kizazi. Mtaalamu wa mishipa ya fahamu na wa afya ya akili wakae meza moja naye. Mwanamke wa miaka 47 anayekuja na wasiwasi mpya, usingizi uliovunjika na maneno yanayopotea leo anapelekwa kwa watu watatu wasioongea, na kila mmoja anaondoka na dalili yake.

Mficha maradhi kifo humuumbua, tumeambiwa tangu utoto. Sisi hatukuficha. Tulikaa kwenye viti vyenu tukasema.

Kwenu wenye mafungu ya utafiti nina ombi moja. Jaribio linaloanza na wanawake wakiwa bado kwenye mpito, miaka 45 hadi 50, likawafuata mpaka umri ambao demensia huanza kuonekana, halijafanyika. Ni ghali na ni refu. Waliolianzisha watastaafu kabla ya jibu. Lakini karibu thuluthi mbili ya wenye ugonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia, ni wanawake, na kuishi kwetu miaka mingi kunaeleza sehemu kubwa ya hilo, huenda si yote. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 wenye miaka 50 na kuendelea walikuwa asilimia 26 ya wanawake na wasichana wote duniani. Mnasubiri wawe wangapi? Na mkilianzisha, msilifanye kwa wanawake wa nchi tajiri peke yao mkaja kutusomea matokeo.

Mimi sasa nina miaka 52. Nilipata daktari wa tatu, kijana, aliyechora chati ya wanawake elfu kumi kwenye karatasi, akaniachia kalamu. Nikaamua kutumia plasta ya estrojeni pamoja na projesteroni. Nalala. Maneno yamerudi, karibu yote. Wanaonizunguka wanasema ni plasta. Huenda ni usingizi, au ni kule kuvuka ambako wale 2,362 walikuonyesha. Mwili mmoja hauwezi kulijibu swali hilo, na ndiyo sababu majaribio huhitaji maelfu.

Ule ukurasa mmoja niliousema hapo juu, wenye wanane katika elfu kumi, wenye umri wa waliopimwa, wenye "kinga haijathibitishwa" na "kwa wengi hupita", mkiuandika nileteeni. Nafanya kazi kwa lugha tatu. Nitaufasiri bila malipo, na mtaupata kabla ya wiki kwisha.

Wasalaam,
Mkalimani wa mahakamani